Goliathi, mdudu wa msitu aliyetafutwa na sonara wa London

Mwaka wa 1766, David Ogilvie, mganga wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Renown, aliokota mdudu mkubwa aliyekufa, akielea kwenye mdomo wa mto Gabon. Alikuwa mbawakawa wa Goliathi, ambaye anaishi pia katika misitu ya Kongo. Dume hufikia sentimita 10. Mwaka wa 1771 Linnaeus wa Sweden akampa jina la lile jitu lililouawa na Daudi.

Mdudu huyo alifika kwa daktari William Hunter. Dru Drury, sonara wa London, alimwazima ili achorwe, kisha akataka wa kwake. Alichapisha maelekezo ya kukamata wadudu, akawagawia mabaharia na kuahidi peni 6 kwa kila mdudu aliyezidi nyuki. Hapo habari inauma: wengi wa mabaharia hao walikuwa wa meli za watumwa. Sanduku la wadudu lilisafirishwa kwa uangalifu, watu wakiwa chini kwa minyororo.

Watoto wa vijijini hawakungoja maelekezo. Humfunga uzi mguuni, wakamwacha aruke.

Leo wako wanaomfuga. Mkubwa hula ndizi iliyoiva. Funza wake ndiye msumbufu: majani yaliyooza hayamtoshi, anataka protini, hata chakula cha mbwa, na hufikia gramu 100. Kila mmoja akae peke yake, maana wanalana.

Yule wa 1766 angali Glasgow, katika makumbusho ya Hunterian.