Land Rover Juu ya Mawe

Mjini mtu akikwambia "niko juu ya mawe" ujue mfukoni hamna kitu. Mimi nikiyasikia maneno hayo huwa naona gari kwanza, hela baadaye. Sisi tuliokulia kati ya Korogwe na Handeni tuliyaona mawe yenyewe kwa macho: gari limepigwa jeki, matairi yametolewa, ekseli zote mbili zimekalishwa juu ya mawe manne, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Wakati mwingine matairi yalitolewa ili yasioze. Mara nyingi yalitolewa kwa sababu kulikuwa na gari jingine lililoyahitaji zaidi.

Yangu nayo iko juu ya mawe, Korogwe, mwezi wa nne sasa. Ni Land Rover 109, ile Series III, ya petroli. Giaboksi imeshushwa na kufunguliwa, vyuma vimepangwa juu ya gunia, na kila nikipita gereji fundi ananionyesha kingine kilicholika. Ninaikosa kuliko nilivyotarajia. Nakosa ule uzito wa usukani gari likiwa limesimama, nakosa mlio wa gia ya pili, nakosa hata kidirisha cha kusukuma kinachoingiza vumbi ukifunga na ukifungua. Lakini katika kungoja huku nimejikuta nawaza sana juu ya kungoja kwa watu wengine, maana barabara hii ya kwetu ina historia ndefu ya magari yasiyotembea. Historia hiyo sioni ikiandikwa. Tunaandika magari yalipofika, nani alikuwa wa kwanza kuwa nalo, Wabenzi walikuwa akina nani. Gari lililolala hupitwa tu, kama vile halikuwa na kazi yoyote kwenye maisha ya watu.

Nianze na gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi ule wa shida ndio uliofanya gari lidumu kwetu: bodi haili kutu kama mabati ya magari mengine, ikibonyea unaigonga na nyundo ya mbao, maisha yanaendelea. Chini ya usukani kuna mikono mitatu. Mrefu ni wa gia. Mfupi wenye kirungu cha njano ukiubonyeza chini magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Mwekundu ukiuvuta nyuma unapata nguvu ya kupanda ukuta, kwa mwendo wa kobe.

Series II na IIA zilikuwa na tabia yao: gia ya kwanza na ya pili hazikubali kuingia kwa ulaini, lazima ukanyage klachi mara mbili na usikilize injini. Mwaka 1971 ikatoka Series III, gia zote nne za mbele zinaingia bila ubishi. Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa serikali pale Handeni, aliidharau Series III mpaka mwisho. Alisema inafuga madereva wavivu. Najua angenionea huruma kuniona nahangaika na hii.

Mwaka huohuo wa 1971 Kwamsisi kulianza jambo ambalo watu wa elimu bado wanalikumbuka. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Chuo cha Ualimu Korogwe kikachagua kijiji cha ujamaa cha Kwamsisi kama mahali pa kuijaribu sawasawa: shule na kijiji viwe kitu kimoja, masomo yatokane na shamba na maisha ya watu, watu wazima na watoto wajifunze pamoja. Lilikuwa ndani ya mpango wa MTUU, ushirikiano wa Tanzania, UNICEF na UNESCO. Wasomi wameandika kurasa nyingi juu ya Kwamsisi, juu ya mtaala, juu ya wanakijiji waliuelewaje. Gari hulioni humo. Sasa fungua ramani. Kutoka Korogwe unashuka Segera, unapita Kabuku, unafika Mkata, halafu unaiacha barabara kuu na kukata kuelekea upande wa pwani kwa njia ya udongo. Si mwendo wa miguu huo. Chuo kimoja na kijiji kimoja vilivyoachana hivyo haviwezi kuwa kitu kimoja bila chombo cha kuwapeleka watu na kuwarudisha. Kila mpango wa namna ile ulikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa: gari litafika.

Na kwa miaka michache yalifika. Halafu yakaanza kusimama, moja moja.

Sababu zinajulikana, ila zikipangwa kwa jicho la dereva wa Tanga zina sura yake. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Huko Mwanza au Mbeya huenda mpaka ule ulionekana habari ya redioni. Kwetu Tanga, Mombasa iko jirani. Ndiko watu walikokuwa wakipata vitu. Mlango ulifungwa mpaka Novemba 1983, karibu miaka saba. Katikati yake ikaingia vita ya Kagera, Oktoba 1978, na serikali ikachukua malori na magari ya watu kwenda mbele. Mengine yalirudi yamechoka, mengine hayakurudi. Baada ya hapo fedha za kigeni zikawa hadithi. Magari na spea vilipitia mashirika ya umma, Shirika la State Motor likiwa mbele, na foleni ya karatasi ilikuwa ndefu kuliko ya mafuta. Miaka ya mwanzo ya 1980 magari ya binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Watu wa rika langu tunakumbuka utulivu wa Jumapili zile. Ungeweza kulala katikati ya lami pale Segera.

Land Rover ya Mjomba ilisimama wakati huo, katikati ya mambo hayo yote, kwa ajili ya kitu kidogo tu cha giaboksi. Ofisi iliandika barua. Ikajibiwa. Ikaandika tena.

Hapa ndipo panaponishika. Dereva ambaye gari lake limelala hakuachishwa kazi. Mshahara ulitoka, kidogo, lakini ulitoka. Kwa hiyo Mjomba alikwenda kazini kila siku. Alivaa kaki zake zimepigwa pasi ya mkaa, akafika saa moja na nusu, akachukua kitambaa, akaifuta Land Rover iliyokuwa juu ya mawe chini ya mwembe. Akishamaliza alipanda, akafunga mlango, akakanyaga klachi. Mara ishirini, thelathini. Alinieleza sababu yake, na ni sababu ya kweli: gari likikaa muda mrefu sahani ya klachi inagandana na gurudumu la injini, siku spea ikija unakuta una kazi mbili. Basi alikuwa anailinda. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na nilimwona akiwa ndani mle. Klachi haihitaji ushike usukani kwa mikono miwili. Wala haihitaji uangalie kioo cha pembeni.

Kitabu cha safari alikijaza pia. Tarehe, kilomita za kuanzia, kilomita za kumalizia, sahihi. Namba ileile pande zote mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Nimewahi kusoma nyaraka nyingi za miaka ile kwa ajili ya maandishi yangu, hotuba na taarifa za kamati, na sijaona yoyote inayoueleza uchumi wa mwaka 1982 vizuri kama ningekuwa na kile kitabu mkononi.

Jambo lililompotea halikuwa starehe. Dereva wa serikali wilayani alikuwa mtu. Alibeba barua, alibeba habari, alijua nani kafiwa Kwamsisi na nani kaoa Kabuku. Wakwe zake walimpa kiti. Gari lilipolala, salamu zilibaki lakini maswali yakaisha. Hakuna mtu anayemuuliza habari za Mkata mtu ambaye hajafika Mkata tangu mwaka juzi.

Watu wanaposifu ubunifu wa mafundi wa enzi hizo huwa nakubali nusu. Ubunifu ulikuwepo, tena mkubwa. Magari mawili yalifanywa moja. Gasketi zilikatwa kwa boksi. Mjomba alisema waliwahi kutia maji ya sabuni kwenye breki na kuteremka mlima taratibu huku wakimtaja Mungu. Hafushafti ya nyuma ya 109 ilikuwa na sifa mbaya ya kukatika, na hapo ndipo dereva mwenye akili alionekana: ekseli ya Land Rover ya namna hii inaishikilia gurudumu hata shafti ikikatika, kwa hiyo ukibonyeza kile kirungu cha njano magurudumu ya mbele yanalivuta gari mpaka nyumbani. Nilifundishwa hili kabla sijafundishwa kuendesha.

Nusu ya pili siwezi kuikubali. Hakuna ubunifu wa fundi unaotosha pale mama mjamzito anapobebwa kwenye kitanda cha kamba usiku wa masika kutoka kijijini kuitafuta barabara kuu, kwa sababu gari la kumfuata lina shida ya bushi moja ya shaba ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Hayo yalitokea, si kijiji kimoja. Mjomba hakuwahi kuyasimulia kwa kicheko kama alivyosimulia maji ya sabuni. Alikuwa anajua majina.

Bajeti ya Juni 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Ghafla pikapu zikajaa. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na sote tunajua jina alilopewa. Spea zikaonekana madukani, ghali, lakini zinaonekana. Kwa gari la Mjomba zilikuwa zimechelewa. Lilikuwa limeshanyofolewa mlango mmoja, redieta na taa zote mbili. Likauzwa mnadani likiwa palepale juu ya mawe. Aliyelinunua alikuja na trekta. Mjomba akahamishiwa gari jingine, la Kijapani, akaliendesha mpaka kustaafu. Hakulipa jina.

Leo Kwamsisi hakuna anayengoja Land Rover. Pikipiki za Kichina zimemaliza habari hiyo tangu miaka ya mwisho ya 2000. Unashuka Mkata, vijana watatu wanakukimbilia, unapanda, mnaondoka. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokwenda miezi hii, na dereva wangu wa boda, kijana mwenye heshima, ananiita babu na kunishauri nisiegemee nyuma kwenye mchanga. Kwa hiyo kiu yangu ya kuendesha haimgusi mtu yeyote zaidi yangu. Hakuna kijiji kinachonisubiri. Oktoba 2024 Arusha walikusanya mamia ya Land Rover kwenye tamasha, nzee na mpya, zikaandamana mjini watu wakipiga picha, na nilifurahi kama mtoto. Huko Ulaya wako wenye magari ya zamani wanaoyafunika turubai kwa hiari yao theluji ikianza, betri wakaichomoa, wakasubiri jua. Kungoja kwao kuna tarehe ya mwisho kwenye kalenda. Naona kwamba na mimi nimekwisha kuwa mmoja wao, japo sina theluji: gari la kazi limegeuka gari la mapenzi, na kusimama kwake kumegeuka huzuni ya mtu mmoja.

Jambo hili linanisumbua kidogo na sitaki kulipamba. Ninapomkumbuka Mjomba mle ndani, mikono miwili kwenye usukani, ni rahisi kusema tunafanana. Hatufanani. Mimi nimeagiza spea kwa simu, nimelipa kwa simu, na mtu wa Arusha amenitumia picha ya boksi likipakiwa kwenye basi. Kilichochelewa ni fundi kugundua kwamba bushi niliyoletewa ni ya giaboksi ya Series IIA. Zinafanana kwa macho, hazifanani kwa kipimo.

Jana kanipigia. Kampata mtu Tanga mwenye mashine ya kuchonga vyuma, anaweza kuitoa kwenye kipande cha shaba nyeusi, kazi ya siku mbili. Nikamwambia sawa, achonge. Nikamuuliza pia, wakati gari limelala hivi, kuna mtu anakanyaga klachi? Akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Mzee, giaboksi iko chini. Klachi ya kukanyaga iko wapi?"

Gari litakuwa tayari Ijumaa. Hakusema ya wiki ipi.