Al-Hijr na Al-'Ula: Makorongo Aliyoyapita Mtume (s.a.w.) kwa Haraka



Ndugu zetu, familia zinazojiandaa kwa 'Umra siku hizi hutuuliza swali ambalo wazee wetu hawakuwa nalo: tukishamaliza ziara ya Madina, je, inafaa kukodi gari twende Al-'Ula tukaone makorongo na majabali yaliyochongwa? Saudi Arabia ilifungua viza za utalii mwaka 2019, na tangu hapo picha za huko zimejaa kwenye simu za vijana. Wazazi nao wameisikia hadithi ya kina Thamud, wanaogopa. Tumeona tuandike historia ya mahali penyewe, kwani mabishano mengi yanatokana na kutojua nani alichonga nini, na lini.

Kutoka Madina kwenda kaskazini ni zaidi ya kilomita 300. Njia mojawapo hupita Khaybar, penye harra, yaani nchi ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano, na kwa muda mrefu msafiri haoni kingine. Akikaribia Al-'Ula rangi zinageuka. Majabali ya mawe ya mchanga, mekundu na ya manjano, yanasimama huku na huku kama kuta, na katikati yake kuna mashamba ya mitende. Hili ni katika yale mabonde ambayo vitabu vyetu vya sira huyaita Wadi al-Qura. Upepo na maji vimeyala mawe hayo mpaka yakatoa maumbo ya ajabu, na mashuhuri kuliko yote ni Jabal al-Fil, lenye urefu wa mita 52 hivi, mfano wa tembo aliyeshusha mkonga wake mchangani. Watu huenda kukaa hapo jioni jua likizama. Upande wa magharibi barabara yenye kona nyingi hupanda Harrat 'Uwayrid, na ukifika juu unaliona bonde zima chini yako.

Ama Al-Hijr, ambayo wengi huiita Mada'in Swaalih, iko kilomita 20 na kitu kaskazini ya Al-'Ula. Qur'an ina sura nzima yenye jina hilo, sura ya 15. Mwaka wa 9 Hijria (630), Mtume (s.a.w.) alipokuwa akielekea Tabuk, jeshi lake lilipita hapo. 'Abdullah bin 'Umar (r.a.) amepokea, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza Maswahaba kuingia makazi ya watu waliojidhulumu isipokuwa wawe wanalia, wasije wakasibiwa na yaliyowasibu wale. Kisha akafunika kichwa chake na kuharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Watu walikuwa wamekwisha teka maji na kukanda unga. Akaamuru maji yamwagwe, unga wapewe ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaalih (a.s.).

Hapa ndipo wanafunzi wetu waliosoma historia shuleni wanapokwama. Wataalamu wamehesabu makaburi makubwa 111 yaliyochongwa katika majabali ya Al-Hijr, na 94 kati yake yana mapambo. Mengi yana maandishi mlangoni, na maandishi hayo yanataja tarehe, ya kwanza mwaka 1 kabla ya Nabii 'Isa (a.s.) kuhesabiwa, ya mwisho mwaka 75 baada yake. Waliochonga ni Wanabati, ndugu wa wale wa Petra kule Jordan, na mengi yalichongwa katika zama za mfalme wao Haritha wa Nne. Maandishi yanasema wazi nani mwenye kaburi (na baadhi ya wenye makaburi walikuwa wanawake), nani ana haki ya kuzikwa humo, na faini atakayotozwa mvamizi. Lile liitwalo Qasr al-Farid, lililosimama peke yake mchangani kwa karibu mita 22, halikumalizika, na ukilitazama chini unaona patasi zilivyoishia, kwani mafundi walianza juu wakishuka.

Thamud ni wakongwe kuliko hao kwa muda mrefu. Jina lao limo katika kumbukumbu za mfalme wa Ashuri, Sargon wa Pili, aliyejisifu kuwashinda mnamo mwaka 715 kabla ya 'Isa, yaani miaka mia saba kabla ya makaburi hayo. Na Nabii Swaalih (a.s.), kwa mpangilio wa Qur'an, yuko baada ya Hud na kabla ya Ibrahim.

Je, hili linaipinga Qur'an? Sisi hatuoni hivyo. Hadithi imeitaja ardhi na visima vyake. Haikusema kwamba kila mlango unaoonekana leo ni wa Thamud. Ardhi moja hukaliwa na kaumu baada ya kaumu, na aliyekuja nyuma huchonga juu ya kazi ya aliyetangulia. Lakini pia haifai kusema, kama wanavyosema baadhi ya vijana, kuwa maadamu makaburi ni ya Wanabati basi katazo limeondoka. Mtume (s.a.w.) aliharakisha katika bonde, si mbele ya mlango fulani. Kwa rai yetu, familia inayokwenda iende kwa nia ya mazingatio, ipite, isigeuze mahali hapo kuwa pa pikiniki na kucheka. Jabal al-Fil na mashamba ya mitende ni jambo jingine, huko watoto na wakimbie watakavyo. Wallaahu a'lam.

Mahujaji wa zamani walilijua hilo vizuri. Ibn Battuta, yule yule aliyekuja kwetu Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita hapo na msafara wa Sham mwaka 1326. Ameeleza kwamba maji ya Al-Hijr yalikuwa tele lakini hakuna hujaji aliyeyanywa ijapokuwa na kiu kali, wote wakasonga mbele mpaka Al-'Ula, wakapumzika siku nne, wakafua nguo na kuacha kwa wenyeji akiba ya vyakula, kwa kuwa walikuwa watu wa amana. Mji huo wa zamani wa udongo na mawe, nyumba 900 hivi, ulikaliwa mpaka miaka ya 1980. Baadaye ikaja reli ya Hijaz ya Sultan Abdulhamid wa Pili, iliyoanzwa 1900 kwa michango ya Waislamu na kufika Madina 1908, ikiwa na stesheni Mada'in Swaalih. Vita vya 1914 hadi 1918 viliiharibu, na safari za Madina zikakoma. UNESCO iliiandika Al-Hijr katika urithi wa dunia mwaka 2008, ya kwanza katika Saudia yote.

Lakini kwa mwanafunzi wa madrasa, hazina kubwa ya makorongo haya ni herufi. Katika Jabal Ikmah kuna mamia ya maandishi ya watu wa Dadan na Lihyan. Pale Al-Hijr kuna jiwe la mwaka 267 ambalo mtu aitwaye Ka'b aliliandika kwa ajili ya kaburi la mama yake, Raqash. Hati yake ni ya Kinabati ila lugha yake kwa sehemu kubwa tayari ni Kiarabu. Kutokana na hati hiyo ya Kinabati ndipo ilipokua alif-ba-ta tunayowafundisha watoto.

Na kwenye njia ya zamani ya misafara karibu na Al-Hijr, kuna jiwe jekundu lenye mistari michache. Mwandishi anaanza kwa jina la Allah, anajitaja kuwa Zuhayr, na anasema aliandika wakati alipofariki 'Umar, mwaka wa 24. Baadhi ya herufi zake zina nukta, ilhali wengi wetu tulifundishwa kwamba nukta ziliwekwa zama za Hajjaj, miongo kadhaa baadaye.