Fundi bunduki na ubadilishaji wa mtutu wa raifeli

Ubadilishaji wa mtutu wa raifeli ni kazi ya kuung'oa mtutu uliochakaa, au usioifaa tena shughuli ya mwenye bunduki, na kufunga mwingine uliokerezwa kwa ajili ya bunduki hiyo hiyo. Hufanywa zaidi Marekani na Ulaya, kwa wawindaji na walenga shabaha wa mashindano. Mtutu mzuri hununuliwa kiwandani bila shida kubwa. Kinachoamua kama bunduki italenga vyema ni mkono wa aliyeufunga, na kwa hiyo kumpata fundi anayefaa ndiyo sehemu ngumu zaidi ya shughuli nzima.

Mtutu huliwa na moto. Risasi ya .308 Winchester inapofyatuliwa, mgandamizo wa gesi huweza kufikia paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, na gesi hiyo hupita kwa nguvu kwenye koo la mtutu, yaani sehemu fupi mbele ya chemba (mahali risasi inapokaa) ambamo kichwa cha risasi huanza kushikwa na mifuo, ile michirizi inayozunguka ndani ya tundu. Chuma cha hapo hupasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, kisha nyufa humomonyoka na koo hurefuka. Umri wa mtutu hutegemea baruti inayochomwa na upana wa tundu inamopita. Mtutu wa .308 huweza kudumu kwa milio 5,000 au zaidi, ilhali ule wa .264 Winchester Magnum, wenye baruti nyingi na tundu jembamba, huweza kupoteza usahihi kabla ya milio 1,500.

Hata hivyo, si kila bunduki inayotawanya risasi inahitaji mtutu mpya. Skrubu za kushikilia darubini huweza kuwa zimelegea, mifuo kujaa masalia ya shaba, kitako kuvimba kwa unyevu, au mdomo wa mtutu kugongwa ukaharibika. Hapa fundi hujipima mwenyewe bila kuulizwa. Aliye stadi huichunguza bunduki kwanza, akapenyeza kamera nyembamba ndani ya mtutu, na mara nyingine humrudishia mteja bunduki yake baada ya usafi tu au baada ya kukereza upya mdomo. Anayetaja bei ya mtutu mpya kabla ya kuangalia chochote hafai kuachiwa kazi.

Jambo la pili linalomtambulisha fundi ni swali analomuuliza mteja: utatumia kichwa cha risasi cha uzito gani? Mifuo hukizungusha kichwa hicho ili kisipinduke hewani, na kichwa kirefu huhitaji mzunguko wa kasi zaidi. Mwingereza George Greenhill aliweka kanuni ya hesabu hiyo mwaka 1879, na bado hutajwa na mafundi. Kwa .223 Remington, mfuo unaozunguka mara moja katika inchi 12 unatosha kwa kichwa cha greni 55, lakini cha greni 80 huhitaji mzunguko mmoja katika inchi 7 au 8. Njia ya kutengeneza mifuo, iwe kwa kuichonga kidogo kidogo, kwa kuvuta kibonyezo kigumu ndani ya tundu, au kwa kufua mtutu kwa nyundo juu ya kalibu, ina uzito mdogo kuliko wapenzi wa bunduki wanavyodhani. Kila njia imekwisha kutoa mitutu iliyoshinda mashindano.

Ustadi wenyewe huonekana kwenye mashine ya kukereza. Tundu la mtutu haliwi katikati ya chuma kikamilifu, kwa hiyo fundi makini hapimi kwa sehemu ya nje. Huingiza ncha ya geji yenye mshale ndani ya tundu, huzungusha mtutu polepole kwa mkono, na husogeza taya za mashine moja moja hadi mshale uwe karibu umesimama. Mafundi wengi wa kazi za mashindano hawaridhiki mpaka mtikisiko uwe chini ya sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025. Ndipo hukata hesi za kuingia kwenye risiva, yaani sehemu ya bunduki inayoshikilia mtutu na bolti, na kisha chemba. Chemba ikikatwa upande hata kidogo, kichwa cha risasi kitaingia kwenye mifuo kikiwa kimeinama, na hakuna mtutu wa bei ghali utakaolirekebisha kosa hilo.

Kipimo cha usalama ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapokaa ndani ya chemba. Hukaguliwa kwa geji mbili za chuma kigumu: bolti lazima ijifunge juu ya ile fupi na ikatae kujifunga juu ya ile ndefu. Kwa .308 tofauti ya geji hizo ni takriban milimita 0.1 tu. Nafasi ikizidi, ganda hurefuka na huweza kukatika, gesi ikamrudia mpiga bunduki usoni. Jina la risasi lazima pia lichongwe juu ya mtutu mpya, maana mtu atakayeirithi bunduki hiyo hatakuwa na njia nyingine ya kulijua kwa urahisi.

Mafunzo rasmi ya ufundi huu hupatikana katika vituo vichache vyenye historia ndefu. Shule ya Ferlach, Austria, ilianzishwa mwaka 1878. Nchini Marekani, chuo cha Trinidad, Colorado, kilianza kufundisha ufundi huu mwaka 1947, na P. O. Ackley, mmoja wa mafundi mashuhuri wa karne ya 20, alifundisha hapo. Ujerumani humtaka fundi anayefungua karakana yake awe na cheti cha ubingwa. Lakini cheti hakimalizi yote. Viwanja vya mashindano ya kulenga kwa benchi ndivyo mahali pazuri zaidi pa kuulizia, kwa kuwa shabaha za karatasi huko huonyesha wazi ni bunduki za fundi yupi zinazopiga mahali pamoja mwaka baada ya mwaka.

Sheria nazo hutofautiana. Marekani, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, fundi wa biashara huhitaji leseni, lakini risiva ndiyo huhesabiwa kuwa bunduki, si mtutu. Uingereza mtutu wa raifeli wenyewe humtaka mnunuzi awe na cheti cha polisi kinachoutaja. Aidha bunduki iliyofungwa mtutu mpya haiwezi kuuzwa huko kabla ya kufyatuliwa kwa risasi ya majaribio yenye mgandamizo uliozidishwa na kugongwa muhuri katika nyumba za ukaguzi za London au Birmingham. Ile ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Tanzania na Kenya umiliki na ukarabati wa silaha vyote huhitaji kibali cha serikali.

Si moto peke yake unaoharibu mtutu. Raifeli kubwa za Uingereza zilizoletwa Afrika Mashariki kwa uwindaji, kama za .416 Rigby ya mwaka 1911 na .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, zilipiga risasi chache mno kuweza kuchakaa kwa moto. Nyingi ziliharibiwa na chumvi iliyoachwa na fataki (viwashio vya baruti) za zamani, ambayo hunyonya unyevu na kuleta kutu yenye mashimo. Kwa raifeli ya mitutu miwili kazi ni ngumu maradufu, kwani mitutu yote miwili hulazimika kuungwa na kurekebishwa kwa majaribio mpaka ipige mahali pamoja. Ni karakana chache zinazoiweza. Mtutu wa asili wenye jina la mtengenezaji hutunzwa pamoja na bunduki, kwa kuwa thamani ya kihistoria hupungua ukipotea.

Kabla ya kukabidhi bunduki, mteja huandikiana na fundi kuhusu bei, muda, na nani atanunua mtutu. Mafundi wenye sifa huwa na foleni ya miezi mingi. Mteja anayejaza risasi zake mwenyewe hupeleka risasi moja bubu, isiyo na baruti wala fataki, yenye kichwa anachokipendelea, ili koo likatwe kulingana nacho. Kazi ikiisha, hukabidhiwa karatasi ya shabaha ya majaribio pamoja na vipimo vya kikatio kilichotumika kutoboa chemba, ambavyo fundi atakayeshika bunduki hiyo baadaye atavihitaji.