Antene juu ya mabati: kifaa cha miaka karibu 100 ambacho anayehama anapaswa kukigeuza upya

Goma, Kivu ya Kaskazini – Mtu akitazama juu ya mabati ya Katindo, Himbi au Ndosho, anaona miti mirefu iliyobeba vyuma vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Ni antene za televisheni. Familia nyingi zilizohama vita zimebeba antene pamoja na godoro na sufuria, na zikifika mahali papya zinakuta picha haipatikani. Mara nyingi kosa si la kifaa. Historia yake inaeleza sababu.

Antene hiyo ilizaliwa Japani. Mwaka wa 1926, katika chuo kikuu cha mji wa Sendai, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walionyesha kwamba vyuma vikipangwa sambamba, kirefu nyuma, chenye waya kikifuata, na vifupi mbele, vinapokea mawimbi ya upande mmoja kwa nguvu na kuacha ya pande nyingine. Kwao Japani hawakusikilizwa sana. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1942, wanajeshi wa Japani walipoteka Singapore, walikuta neno « Yagi » katika karatasi za Waingereza na hawakulielewa. Mfungwa mmoja ndiye aliyewaambia kwamba ni jina la Mjapani mwenzao.

Kwetu Congo, televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966. Wakati wa Zaïre, kabla ya habari za jioni, watu waliona uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa yapata saa kumi za usiku, ili Wamarekani waone pambano jioni ya kwao. Poste zilikuwa chache, na majirani walijaa katika nyumba moja. Wazee wengi wanakumbuka kazi ya mtoto wa nyumba: kusimama nje akizungusha mti wa antene, huku wengine wakipiga kelele ndani: « Hapo hapo! Usiguse tena! »

Mwaka wa 2006, nchi nyingi zilikubaliana Geneva kuacha mtambo wa zamani na kuingia dijitali, na tarehe ya mwisho ikawekwa 17 Juni 2015. Rwanda ilibadilisha mapema, mwaka wa 2014. Kwa kuwa mawimbi hayasimami kwenye Grande Barrière, poste za zamani za Goma zilizozoea kushika picha ya ng'ambo nazo zilihitaji dekoda.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi walianza kuuza « antene ya dijitali » kwa bei ya juu. Ukweli ni kwamba antene haijui kama picha ni ya zamani au ya dijitali. Inachojua ni urefu wa wimbi. Vyuma virefu, karibu sentimita 75, ni vya masafa ya VHF. Vifupi, kama sentimita 30 au chini yake, ni vya UHF, ambako dijitali nyingi inapita. Mwenye antene nzima yenye vyuma vifupi hana haja ya kununua nyingine.

Kilichobadilika ni namna ya kuielekeza. Zamani picha mbaya ilionyesha chengachenga, na mtu aliona ikipona kidogo kidogo. Dijitali ama ni safi, ama inakatikakatika na kuzima. Kwa hiyo mti unazungushwa polepole, kidogo tu kila mara, na kungoja sekunde kadhaa ili dekoda itafute.

Upande wa vyuma vifupi ndio unaotazama mnara. Aliyetoka Rutshuru au Masisi hawezi kuacha antene ielekee kule ilikoelekea nyumbani, maana mnara sasa uko upande mwingine. Mlima nao unazuia: Nyiragongo, yenye mita 3.470, haipitishi mawimbi hayo. Mti ukiinuliwa mita mbili, au ukihamishwa kona nyingine ya kiwanja, unaweza kufaa kuliko kununua kifaa cha kuongeza nguvu, kwa sababu kifaa hicho hakiwezi kuongeza kisichofika. Ndani ya nyumba, mabati yanafunika mawimbi, lakini turubai la plastiki linayapitisha. Chini ya turubai, antene ndogo ya ndani inaweza kutosha kama mnara uko karibu. Redio ya FM nayo inataka antene yake ivutwe yote, kama sentimita 75, na isogezwe mbali na mabati.

Jambo moja halitaki mchezo. Kabare, katika Kivu ya Kusini, imehesabiwa na wanasayansi kuwa mahali pa pili duniani kwa radi: kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mti wa chuma unafungwa waya mnene wa shaba unaoshuka hadi chuma kilichozikwa ardhini, na unasimamishwa mbali na nyaya za umeme, mahali ambapo hata ukianguka hautazigusa. Mvua ikikaribia, waya wa antene unatolewa kwenye poste, na hakuna mtoto anayetumwa nje kuzungusha mti. Habari za nyumbani zinaweza kungoja mvua ipite.