Alama ya Tiki Niliyoiondoa

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu nilidhani nimeachana na rejesta. Haikuwa hivyo. Mkuu aliyenifuata aliniomba nimsaidie kuingiza katika kompyuta majina ya wanachuo wa zamani, kwa kuwa wengi wao sasa wanafuatilia mafao na huja kuomba barua ya kuthibitisha mwaka waliohitimu. Mjukuu wangu akaniwekea MySQL Workbench, chombo cha kuchorea na kutunzia hifadhidata, akanifundisha kwa muda wa wiki mbili.

Siku za mwanzo nilishughulika na mapendeleo tu. Nilikuza herufi za kihariri kwa ajili ya macho yangu haya, nikapanga upana wa nafasi za mwanzo wa mstari, nikaagiza maneno ya amri yatokee kwa herufi kubwa. Mjukuu alicheka akisema Babu anakipanga kihariri kama ubao wa darasa.

Siku moja nilitaka kusahihisha mwaka wa mwanamke mmoja, uwe 1996. Mashine ikakataa, ikaleta kosa namba 1175. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Kwa hasira nikafungua mapendeleo ya kihariri, nikaona kisanduku kinachozuia mabadiliko yasiyo salama, nikaondoa tiki, nikaunganisha upya.

Kizuizi hicho kina asili yake, msomaji. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kumbukumbu ziwekwe katika majedwali, na mtu aulize anachotaka bila kujua kimehifadhiwa wapi ndani ya mashine. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuulizia waliyoiita SEQUEL. Baadaye jina lilifupishwa kuwa SQL kwa sababu ya alama ya biashara ya wengine. Walikusudia lugha ambayo hata asiye fundi angeweza kuitumia. Lakini lugha hiyo hushughulika na kundi zima kwa mara moja. Ukitaka wachache, huna budi kuongeza WHERE, yaani "pale ambapo". Usipoliweka neno hilo, mashine haikuulizi. Inachukulia kwamba umesema wote. Mwalimu anayesema "simama" bila kutaja jina asishangae darasa zima likisimama.

Watengenezaji wa MySQL, iliyotoka kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1995, waliijua hatari hiyo. Wakaweka hali ya usalama inayokataa kubadilisha au kufuta bila sharti linalogusa ufunguo wa jedwali, au bila kikomo cha idadi. Katika programu yao ya kuandikia amri, hali hiyo ina jina la pili, ambalo maana yake ni "mimi ni mbumbumbu". Ni mzaha wa mafundi. Mimi uliniuma, maana nimewahi kuwaita wanafunzi hivyo.

Basi nikaandika amri yangu upya, safari hii na WHERE yake. Ila nilikuwa nimepaka rangi mistari miwili ya juu tu, na chombo kile hutekeleza sehemu iliyopakwa rangi peke yake. Chini pakaandikwa kwamba safu 412 zimeguswa. Nilifurahi kwamba imekubali.

Siku ya tatu akaja mwalimu mmoja mstaafu. Alisoma barua yake akiwa amesimama, kisha akairudisha mezani kwa mikono miwili. "Mkuu," aliniambia kwa upole, "mwaka 1996 mimi nilikuwa na miaka minane kazini."

Nikafungua jedwali. Wote 412 walikuwa wamehitimu 1996. Kurudi nyuma hakukuwezekana, kwa kuwa kila amri ilikuwa ikithibitishwa papo hapo, na nakala ya akiba sikuwa nayo. Barua nyingine mbili zilikuwa zimeshatoka. Nilizifuata mwenyewe kwa basi.

Kilichotuokoa ni madaftari ya zamani. Mjukuu alisoma majina, mimi nikaandika, siku kumi na moja. Kabla hatujaanza alirudisha tiki mahali pake, hakusema neno. Barua ya yule mzee niliiandika kwa mkono, 1988, nikamsubirisha nje mpaka muhuri ukauke.