Petroli Haijui Kulala

Kila Oktoba huko Minnesota, Marekani, kuna watu wanalaza magari. Sijasema kuegesha, nimesema kulaza. Corvette, Porsche 911 au Mustang ya enzi za babu inaoshwa, inakaushwa, inafunikwa shuka lake, halafu gereji inafungwa mpaka Aprili. Hizo video ziko kibao, na chini yake Wakenya tunaandika kitu kimoja: hawa pesa imewazidi. Sawa, labda. Lakini mimi kinachonishika ni ile chupa ndogo ambayo mwenye gari anamimina kwa tangi kabla ya kulifunika. Ni dawa ya kuzuia petroli isioze.

Eeh, petroli huoza. Na vile inaoza leo si kazi ya kemia peke yake. Kuna watu waliketi mezani wakaamua kitakachowekwa ndani yake, na kuna wengine walikufa kwa sababu ya uamuzi huo. Ile chupa ni mkia wa hadithi ya zaidi ya miaka mia.

Kwanza, kwani gari lilazwe kwa nini? Mwanzo wa karne ya 20 magari mengi ya Marekani yalikuwa wazi juu, na redieta ilikuwa na maji matupu ambayo yakiganda yanapasua injini. Winta ikifika, wengi waliliinua gari juu ya mbao, wakamwaga maji, wakamwaga na petroli, wakasubiri jua. Miaka ya 1920 magari yenye paa na madirisha yakawa ya kawaida na watu wakaanza kuendesha mwaka mzima. Halafu ikaja chumvi. Jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu barabarani mwaka wa 1938 ili kuyeyusha barafu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia majimbo mengine ya baridi yakafuata. Chumvi inaokoa madereva na inakula chuma. Gari la kwenda kazini unaliacha liliwe. Gari la spoti unalificha. Hata Corvette, ambayo tangu izaliwe 1953 ina bodi ya faibaglasi isiyoshika kutu, chini yake ina vyuma kama gari lingine lolote.

Kwa hivyo chumvi ndiyo inalipeleka gari kulala. Petroli ndiyo inakataa kulala.

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, nyepesi na nzito. Zile nyepesi ndizo zinashika moto haraka asubuhi ya baridi, na ndizo zinatoroka kwanza hewani. Zinazobaki zinakutana na oksijeni polepole na kuanza kugeuka ulimbo. Ukishaona jenereta ya duka iliyokaa nusu mwaka bila kuwashwa, ikivutwa kamba mpaka mkono uume na haiwaki, ujue fundi akifungua kabureta atakuta rangi ya chai kavu mle ndani. Huo ndio ulimbo wenyewe.

Petroli ya kwanza kabisa haikuwa na shida hii sana, kwa sababu ilikuwa inachujwa tu kutoka kwa mafuta ghafi. Lakini magari yaliongezeka kuliko petroli. Mwaka wa 1913 William Burton wa Standard Oil ya Indiana alipata hataza ya kuvunja mafuta mazito kwa joto na mgandamizo, pipa moja likatoa petroli nyingi kuliko zamani. Ushindi mkubwa. Tatizo ni kwamba petroli ya kuvunjwa hivyo ina kemikali zinazopenda sana kushikana na oksijeni. Dunia ikapata mafuta mengi, na ulimbo mwingi. Ndiyo maana kufikia miaka ya 1930 kampuni zilikuwa zinaweka kemikali za kuzuia ulimbo kwenye petroli yenyewe. Ile chupa ya gereji ni nyongeza tu ya kile kiwanda kilishaweka.

Kwa kabureta ya kawaida, ulimbo ni usumbufu. Unafungua, unasafisha vitundu, unarudisha. Wengine walikuwa wanafunga mafuta na kuacha injini iwake mpaka kibakuli cha kabureta kikauke ndipo gari lilale. Lakini magari ya spoti hayakutaka kubaki na kabureta. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilirusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Corvette ya 1957 ikaja na injekshoni ya Rochester. Porsche ikaweka injekshoni ya Bosch kwenye 911 kuanzia 1969, halafu 1973 ikaanza kutumia ile mpya inayoitwa K-Jetronic. Hapo ndipo mambo yakawa magumu, manze. Ndani ya K-Jetronic kuna kifaa cha kugawa mafuta chenye mipasuo myembamba ajabu, na kipini kinachopanda na kushuka kupima mafuta. Ulimbo kidogo tu, au chembe ya kutu kutoka kwa tangi, na kipini kinakwama. Hicho hukisafishi kwa mswaki wa zamani.

Sasa tuje kwa ile sehemu inayouma.

Injini yenye nguvu inabana mafuta sana kabla ya kuyachoma. Petroli dhaifu ikibanwa hivyo inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga. General Motors ilitaka dawa ya kugonga huko. Mhandisi wao Thomas Midgley, chini ya bosi wake Charles Kettering, alijua kwamba pombe, yaani ethanoli, ikichanganywa na petroli inatuliza injini vizuri tu. Lakini pombe unaihitaji nyingi, mkulima yeyote anaweza kuipika, na huwezi kusema ni uvumbuzi wako. Desemba 1921 Midgley akapata kitu kingine: kemikali yenye risasi. Kiasi kidogo tu kwa galoni, na hataza iko mkononi. Mwaka wa 1923 ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio.

Kiswahili hapa kilishasema ukweli zamani. Risasi ni risasi.

Oktoba 1924, kwenye kituo cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu ambavyo havipo, wakarukwa na akili. Watano wakafa. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa ile kemikali na kunusa mvuke wake mbele yao kuonyesha haina neno, na huyu ni mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amechukua likizo kujitibu sumu hiyohiyo ya risasi. (Baadaye alileta pia zile gesi za friji zilizokuja kutoboa ozoni. Mtu mmoja.) Mwaka wa 1926 kamati ya serikali ikasema haioni sababu ya kupiga marufuku. Kwa miongo iliyofuata watoto wa mijini duniani kote walivuta risasi kutoka kwa ekzosti, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka wa 1996.

Oktani ilibidi itoke kwingine. Wakajaribu kemikali inayoitwa MTBE, ikavuja kutoka kwa matangi ya vituo mpaka kwenye maji ya kunywa. Santa Monica, California, ilifunga visima vyake miaka ya 1990. Basi ikarudi nani? Ethanoli. Ileile pombe iliyoachwa mezani miaka ya 1920. Minnesota, jimbo la mahindi, ilikuwa ya kwanza kulazimisha asilimia 10 jimbo zima, mwaka wa 1997. Sheria ya nchi nzima ya 2005 ikasukuma majimbo mengine. Uingereza ilifanya asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021.

Na hapo ndipo wapenda magari wanapiga kelele, na kusema kweli wana hoja. Ethanoli inapenda maji. Lita moja ya petroli yenye asilimia 10, kwa joto la nyuzi 15 hivi, inabeba maji kama kijiko kimoja cha chai bila shida. Baridi ikishuka, inabeba machache zaidi. Ikizidiwa, ethanoli na maji vinashikana mikono na kuzama chini ya tangi, petroli iliyopungua nguvu inabaki juu. Na pampu inanyonya wapi? Chini. Juu ya hayo, ethanoli inalainisha na kupasua paipu za mpira na gasketi za zamani ambazo hazikutengenezwa kuivumilia. Gari la 1965 halikuambiwa pombe itarudi.

Ndiyo maana ushauri wa kulaza gari umegeuka kichwa chini. Zamani ilikuwa mwaga tangi. Leo ni jaza karibu mpaka juu, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi na chuma cha ndani kisishike kutu. Na Minnesota yenyewe iliacha mlango wazi: sheria yao inaruhusu vituo kuuza petroli isiyo na ethanoli kwa magari ya ukumbusho, pikipiki, boti na mashine ndogondogo.

Ninachokataa ni ile stori ya baadhi ya wazee wa mtandaoni, kwamba zamani petroli ilikuwa safi halafu serikali ikaichafua kwa pombe ya mahindi. Safi ya wapi? Hiyo petroli wanayoikumbuka kwa machozi ilikuwa na risasi. Ukinipa nichague kati ya kabureta yenye ulimbo na damu ya mtoto yenye sumu, sihitaji dakika. Ndiyo, ethanoli ya mahindi ina maswali yake, shamba la chakula kuwa shamba la mafuta si jambo dogo. Lakini swali hilo ni tofauti na kulilia Corvette.

Na usidhani haya ni ya kwao peke yao. Huku kusini mwa Sahara tuliagana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, miaka kumi baada ya Marekani. Kama ulizaliwa Nairobi kabla ya hapo, uliivuta. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021, na tangazo la kwamba imeisha lilitoka kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa Gigiri. Hata pombe kwa tangi si ngeni kwetu: miaka ya 1980 ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni ilichanganywa na petroli iliyouzwa Kenya, kabla mpango haujafifia.

Sasa, Minnesota kuna Wakenya wengi, na najua wengine wenu mmeshanunua moti la ndoto. Tafuta petroli isiyo na ethanoli kwa kujaza ile mara ya mwisho. Mimina dawa kwanza, halafu ndiyo ujaze, ichanganyike yenyewe. Endesha dakika kumi na tano hivi ili dawa ifike kwa pampu na injekta, kwa sababu petroli iliyobaki kwa paipu bila dawa ndiyo itakusumbua. Gari la injekshoni usiliwashe mpaka likauke. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi inapozwa na mafuta hayohayo. Gereji isiwe na hita ya moto wazi. Na Januari ukishikwa na hamu ya kuliwasha ulisikie tu likinguruma, wacha. Dakika tano hazitoshi kupasha injini, na unyevu unabaki kwa oili na kwa ekzosti. Liwashe Aprili, mvua ikishaosha chumvi barabarani.