Nyama ya Kindi: Hukumu Yake na Mapishi Yake Nyumbani

SUALI:
Sisi ni watu wa Unguja. Mume wangu anasoma Chuo Kikuu cha Sokoine na tumepanga Mafiga, Morogoro. Jirani yetu, mtu wa milimani, hutuletea kindi waliokwisha kubanikwa. Tumeshakula mara mbili. Je, ni halali? Na wanapikwaje?

JAWABU:
Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu.

Kindi, ambaye wengine humwita kuchakuro, ni halali katika madhehebu ya Imam Shafi'i kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoeleza Imam An-Nawawi katika Al-Majmuu'. Ana meno makali, lakini anatafuna kokwa na matunda. Si mnyama wa kunyafua. Wanavyuoni wa Kihanafi wana kauli nyingine. Msimchanganye na panya buku, ambaye hapo hapo Morogoro APOPO humfunza kunusa mabomu ya ardhini. Huyo ni panya, na panya haliwi.

Tatizo lenu haliko kwa mnyama, liko kwenye kifo chake. Vijana wengi huwapiga kindi kwa manati. Akifa kwa jiwe ni mfu aliyekufa kwa kipigo, na huyo ametajwa kwa jina katika Suratul Maaidah, aya ya 3. Aliyekutwa amekufa mtegoni ni vivyo hivyo. Adiy bin Haatim (Allah amridhie) alimuuliza Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) kuhusu fimbo ya kuwindia: kilichochomwa kwa ncha kinaliwa, kilichouawa kwa ubavu wake hakiliwi. Imo kwa Bukhari na Muslim. Akipatikana yu hai kweli, achinjwe kooni kwa kisu kikali na litajwe jina la Allah.

Kwa hivyo muulizeni jirani kwa upole amempataje na nani amemchinja. Mkijua alikufa kwa jiwe, msile tena. Mlichokula bila kujua hamna dhambi. Muulizeni pia kama ana kibali: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila leseni, na misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi.

Ama mapishi, ni bora aletwe mzima mmchinje wenyewe. Osheni damu ya shingoni kabla hajaingia maji ya moto, kwani damu hiyo ni najisi na itanajisi maji yote. Lowesheni manyoya ndipo mumchune, la sivyo yatagandana na nyama. Toeni matumbo bila kupasua nyongo wala kibofu, na tezi ndogo za makwapani, maana zinaharibu ladha. Nyama yake haina mafuta, ukiikaanga moja kwa moja inakuwa kama kamba. Ichemsheni kwa chumvi, tangawizi, thaumu na ndimu mpaka iachane na mfupa (kindi mzee anataka subira), kisha tieni kitunguu, bizari na tui zito, moto mdogo. Mafiga matatu na kuni yanatosha. Ndiyo jina la mtaa wenu! Watoto watolewe mifupa kwanza, ni myembamba sana. Aliyeokotwa amelegea au mgonjwa aachwe.

Wa Allaahu a'lam.